Msitu Uliopandwa kwa Kamba

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kulificha hilo. Naogopa malori ya mbao yakishuka kwa kasi kuelekea Iringa, naogopa radi, naogopa mbwa hata akiwa amefungwa, naogopa simu ikiita alfajiri kabla sijaamka vizuri. Mume wangu hunitania kwamba kikombe kikianguka jikoni, mimi huuliza kwanza nani amekufa. Lakini katika yote hayo, kitu nilichokiogopa kwa muda mrefu kuliko vyote ni hesabu.

Nilisoma shule ya msingi Mbeya, upande wa Uyole, katika darasa lililofunguliwa kila asubuhi kwa tebo. Tulisimama wote. Mwalimu alielekeza fimbo kwa mmoja wetu na kuuliza, "Saba mara nane?" Ukipata, unakaa. Ukikosa, unabaki umesimama, na waliobaki wamesimama walijua kinachofuata. Majibu nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo njiani, nilikuwa nayo mlangoni, na fimbo ikiwa bado iko kwa jirani yangu nilikuwa nayo. Ikinigeukia mimi tu, yote yanapotea, ulimi unakuwa mzito. Hali hiyo ilidumu mpaka nikamaliza darasa la saba, na nilipomaliza niliapa kwamba mimi na namba tumeachana.

Hatukuachana, bila shaka. Niliolewa Mafinga, nikawa fundi cherehani, na kutwa nzima kazi yangu ni kupima: kifua, kiuno, urefu wa mkono, nusu ya hiki, robo ya kile. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni mwalimu, hulicheka jambo hilo mpaka machozi yanamtoka. "Dada, umepima viuno vya Mafinga nzima," husema, "halafu unaniambia hujui hesabu?" Namjibu kwamba futi kamba haijawahi kunichapa.

Huyo mdogo wangu alihamishiwa Mafinga kufundisha madarasa ya chini, akaja kukaa kwetu, chumba cha uani. Alikuja na begi la nguo na mfuko mkubwa wa vizibo vya soda, na baada ya muda mfupi nyumba yangu haikuwa yangu tena. Vipande vya mbao alivyookota kwenye viwanda vya kupasulia magogo vilijaa chini ya meza, amevipiga msasa na kuvipaka rangi ili watoto wajenge navyo makumi na mamoja. Sinia langu la kuchambulia mchele lilijazwa vumbi la mbao, watoto waandike namba kwa kidole na kuifuta kwa kiganja. Maharage yalihesabiwa kabla ya kupikwa. Ukikaa kwenye kochi, umekalia kizibo.

Mwanangu alikuwa darasa la pili, darasa alilofundisha mdogo wangu. Shuleni alimwita madam kama wenzake, nyumbani alimwita mama mdogo, na hakuchanganya hata siku moja. Nilimwogopea sana mtoto huyo. Niliiona hofu yangu ndani yake mapema, akiwa bado hajaota meno ya mbele ya ukubwani. Ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, hakuangalia vidole vyake, aliangalia uso wangu. Alisubiri aone kama nimekunja uso au nimetabasamu, ndipo aseme namba, tena akiwa tayari kuibadilisha. Na mimi nilikaa pale nimebana pumzi.

"Dada," mdogo wangu akaniambia jioni moja, "ukikaa hapo mtoto anakusoma wewe. Nenda kashone."

"Ni mwanangu."

"Ndiyo, ni wako. Nenda kashone."

Niliumia, lakini nilikwenda. Nilikanyaga cherehani bila kitambaa, ili wasijue kuwa nasikiliza. Walikuwa wanarusha vizibo kwenye bakuli na kucheka. Hilo nalo liliniogopesha, maana kule nilikosoma mimi, darasa la hesabu likicheka ujue kuna mtu anachapwa.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mufindi ikiwa imekaza, mdogo wangu aliponiambia kwamba atawapeleka watoto kwenye miti wakajifunze kuzidisha. Wazo lake lilikuwa hivi. Misindano, ile miti ya paini, huku kwetu haijiotei, inapandwa, tena inapandwa kwa kamba. Kamba yenye mafundo ya umbali sawa inavutwa kutoka huku hadi kule, kila fundo ni shimo, kila shimo ni mche. Mstari ukiisha kamba inasogezwa, mstari mwingine. Miaka ikipita miche inakuwa miti mirefu kuliko nguzo za umeme, na mistari inabaki vilevile ilivyokuwa siku ya kwanza. "Kuzidisha kumesimama wima, dada," aliniambia, macho yanang'aa. "Mtoto anatembea katikati yake, anaigusa kwa mkono. Utamwandikia nini ubaoni kipite hicho?"

Nilimwambia kuna barabara kuu ya kuvuka. Nilimwambia kuna nyoka. Nilimwambia kuna watu wanaoingia msituni hawajulikani wanatafuta nini. Nilimwambia watoto watapata vichomi kwa baridi. Alinisikiliza yote, halafu akasema, "Basi njoo utusaidie kuvusha barabara." Akaniomba na mabaki ya kitambaa chekundu, yale yanayobaki nikikata sketi, kwa ajili ya mchezo. Nilifunga kibanda changu cha kushonea asubuhi hiyo nikaenda nao, kwa sababu mtu mwoga afadhali awepo kuliko akae nyumbani akiwaza.

Tulikuwa watu wazima watatu: mdogo wangu, mwalimu mwenzake wa kiume, na mimi. Tulivuka barabara tumeshikana mikono mlolongo mmoja, na lori la magogo lilipotupigia honi nilikaribia kulia. Tukapanda kilima mpaka kwenye shamba la miti la mzee mmoja tunayesali naye, aliyekuwa ametupa ruhusa. Shamba hilo linapakana na msitu mkubwa, na mgeni hawezi kujua moja linaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, kwa sababu miti ni ileile na mistari ni ileile.

Ndani ya misindano hakuna kelele. Majani yake membamba yameanguka miaka na miaka mpaka ardhi imekuwa laini kama godoro, huwezi kusikia hata hatua zako mwenyewe. Chini hakuoti kitu. Ndege ni wachache. Watoto walioingia wakipiga kelele walinyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Mlinzi wa shamba, mzee aliyevaa koti kubwa la mvua, alikuja kutusalimia. "Kamwene," alisema, tukamwitikia. Akatuonya kwamba upande wa pili wa mteremko kuna watu wanakata miti tangu juzi, kwa hiyo watoto wasivuke njia ya moto, ule uwazi mpana unaoachwa ili moto ukitokea usiruke. Hata alipokuwa akisema tulizisikia mashine zao, chenso, zikinguruma kwa mbali. Kisha kimya kidogo, kisha mti ukaanguka. Sikuusikia kwa masikio kwanza, niliusikia kwenye nyayo.

"Turudi," nilimwambia mdogo wangu.

"Wako mbali, dada. Hatufiki huko."

"Nakwambia turudi."

"Mchezo wenyewe ni mfupi. Tukimaliza tunaondoka." Alinigusa bega. "Angalia wanavyofurahi."

Walikuwa wanafurahi kweli. Aliwapanga wawili wawili, kila jozi kwenye mti wa kwanza wa mstari wake. Kila jozi ilipewa kitambaa chekundu. Kazi yao ilikuwa kutembea kwenye mstari wakigusa kila mti na kuuhesabu kwa sauti, wafunge kitambaa kwenye mti wa kumi, kisha warudi kwa mstari uleule. Wakirudi wote, wangekaa chini na kutafuta mistari yote kwa pamoja ina miti mingapi, bila kuhesabu mmoja mmoja tena. Watoto hawakugawanyika sawasawa. Aliyebaki bila mwenzake alikuwa mwanangu, kwenye mstari wa mwisho kabisa pembeni.

"Nitakwenda naye," nilisema.

"Mwache," alisema mdogo wangu kwa sauti ya chini. "Miti kumi tu. Unaiona yote kutoka hapa."

Mwanangu alinigeukia akaniangalia usoni, kama kawaida yake. Nilitabasamu, sijui kama lilikuwa tabasamu au kukenua meno. Akaondoka na kitambaa chake. Nilimsikia akisema moja, mbili, tatu, halafu sauti yake ikachanganyika na za wenzake.

Ukungu wa Mufindi hauji kwa hodi. Unaangalia pembeni, ukirudisha macho umeshakuwa ndani yake. Jozi ya kwanza ilirudi ikikimbia, ya pili ikarudi, vichwa vyao vikitokea kwenye weupe ule mmoja mmoja. Watoto walikaa chini kwenye majani makavu. Mdogo wangu alianza kuwauliza, nao wakanyoosha mikono juu, na mimi nilikuwa nimesimama naangalia mstari wa mwisho, nikisubiri sweta la bluu. Nilisema moyoni kwamba anafunga kitambaa. Nikasema anakifungua anakifunga tena, maana ni mtoto wa fundi. Halafu sikuwa na kitu kingine cha kusema.

Niliingia kwenye mstari wake nikikimbia. Miti ilikuja usoni mmoja baada ya mwingine, na kwenye wa kumi kitambaa kilikuwepo. Kilikuwa kimefungwa vizuri, fundo juu ya fundo. Mtoto hakuwepo.

Nilisimama pale nikageuka, na hapo ndipo nilipoelewa kilichompata. Nyuma yangu kulikuwa na mstari ulionyooka, ndio niliokuja nao. Kulia kulikuwa na mstari ulionyooka. Lakini na katikati ya hiyo miwili, kwa mshazari, kulikuwa na mstari mwingine, nao umenyooka, nao miti yake imepangana safi, nao unaingia kwenye ukungu. Na mwingine upande wa pili wa mshazari. Miti iliyopandwa kwa kamba inafanya mistari kila upande ambao aliyevuta kamba hakuufikiria. Mtoto aliambiwa arudi kwa mstari. Aligeuka akaona mstari, akaufuata, akihesabu.

Niliita jina lake.

Niliita kama sijawahi kuita kitu chochote. Nilikimbia kwenye mshazari wa kwanza nikiita, nikarudi, nikakimbia kwenye wa pili. Nilijikwaa nikaanguka, nikainuka naita. Sauti yangu ilinirudia kutoka kwenye mteremko, na kila iliporudi nilidhani ni yeye. Chenso zilikuwa zinanguruma, na sasa hazikuwa mbali hata kidogo. Mti ukaanguka. Nilihisi ardhi ikitetemeka, nikapiga ukelele usiokuwa na jina lolote ndani yake, ukelele mtupu. Nilimwona mwanangu amelala chini ya gogo. Hakuwa mbele yangu, lakini nilimwona, na sweta lake nililiona. Hofu nimeijua maisha yangu yote, tumekua pamoja, lakini siku hiyo niligundua kwamba nilikuwa sijawahi kuingia chumba chake cha ndani.

Mdogo wangu alinikuta nikiwa nimeushikilia mti. Alikuwa amemwambia mwalimu mwenzake awarudishe watoto kwenye kibanda cha mlinzi na kukaa nao hapo, na mlinzi mwenyewe alikuwa ameshakimbia kwenda kuwasimamisha wakataji. Nilimrukia. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, na baadhi yake yalimhusu mama yetu aliyetuzaa wote. Nilimwambia vizibo vyake na mbao zake vimeniulia mtoto. Hakujitetea. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Nyamaza, dada," alisema.

"Unaniambia mimi ninyamaze?"

"Nakuomba. Nyamaza kidogo tu."

Nilifungua mdomo niite tena. Akaniziba kwa kiganja chake, kwa nguvu, akanishikilia kichwa kwenye bega lake kama tulivyokuwa tukishikana utotoni radi ikipiga. Nilimng'ata. Hakuachia. Chenso ya kwanza ikazimika, kisha ya pili, na msitu ukawa kimya kiasi kwamba nilisikia matone ya ukungu yakidondoka.

Kisha aliniachia, akanyoosha mikono mbele yake, akapiga makofi. Alipiga taratibu, kofi moja moja, yakafika saba. Akanyamaza.

Mchezo huo nilikuwa nimemsikia yeye na mwanangu wakiucheza nyumbani, wakiwa jikoni wanamenya viazi. Mmoja anapiga makofi idadi yoyote, mwingine anamalizia mpaka kumi. Hakuna anayesema neno. Nilidhani mdogo wangu amechanganyikiwa. Mtoto yuko chini ya miti inayoangushwa, na yeye anacheza.

Alipiga tena saba, akanyamaza. Hakukuwa na kitu. Tukasogea mbele kwenye mshazari, hatukukimbia, akapiga tena saba.

Kutoka kwenye ukungu, chini ya mteremko, yakaja makofi mawili.

Nilimshika mdogo wangu mkono. Lakini woga wangu ulikuwa haujamaliza kazi. "Ni mwangwi," nilimnong'oneza. "Au ni wale wakataji. Mawili siyo. Saba inadai matatu."

Mdogo wangu alikuwa anatabasamu na machozi yakimteremka. "Mwangwi ungerudisha saba," alisema. "Huyo ni yeye. Saba ndiyo inayomshinda. Nane anajua, sita anajua. Saba kila siku anapiga mawili, anasita, halafu..."

Tulisubiri. Sikupumua. Nilikuwa nimemwombea mtoto wangu mambo mengi, afya, akili, kufaulu, na wala sikuwahi kudhani nitasimama msituni nimwombee kwa Mungu akosee kama anavyokosea siku zote.

Kofi la tatu likaja, limechelewa.

Tuliyafuata makofi yake. Mdogo wangu alipiga, tukasikiliza, tukatembea, akapiga tena, na kila mara majibu yalikuja karibu zaidi. Nilitaka kukimbia, nilitaka kuita, na mara mbili aliniangalia tu nikafunga mdomo wangu mwenyewe kwa mikono yangu. Tulivuka njia ya moto. Upande ule kila mti ulikuwa na alama nyeupe ya rangi kwenye gome, ile ya kukatwa, na hewa ilinuka utomvu na mafuta ya mashine. Mbele kidogo magogo mapya yalikuwa yamelala, mashina yake yakiwa bado yanatoa maji. Nililiona hilo lote, nikaendelea kutembea.

Alikuwa ndani ya rundo la matawi yaliyopogolewa, amejikunja mpaka ndani kabisa, sweta limejaa majani. Tulifukua kwa mikono. Alipomwona mama yake mdogo alitoka. Aliponiona mimi alirudi nyuma kidogo, akaangalia nyuma yangu, kulia na kushoto, kama anatafuta kitu kilichonifuata.

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nilimpapasa kichwa, mikono, mbavu, miguu, nikimkagua kama nguo kabla haijatoka dukani. Alikuwa mzima. Alikuwa na mkwaruzo shavuni, basi. Na baada ya kuhakikisha kwamba ni mzima, hasira zikanipanda, kama zinavyotupanda wazazi wote hofu ikishapata pa kukaa.

"Kwa nini hukuitika mimi nilipokuwa nakuita? Hukunisikia?"

"Nilisikia."

"Sasa?"

Aliangalia chini. Mdogo wangu alipiga magoti pale kwenye matawi, akamtoa majani kwenye nywele. "Sema tu," alimwambia. "Mama hajakasirika."

"Mama ulikuwa unalia," mtoto alisema. "Ulikuwa unapiga kelele, unakimbia huku, unakimbia huku. Nikajua kuna kitu kinakufukuza. Nikajificha kisinione."

Nilimuuliza kile ambacho bora nisingemuuliza, kama alikuwa anaogopa tangu alipopotea.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa narudi. Miti ikapita kumi, nikajua nimekosea. Nikasimama nigeuke nirudi mpaka kwenye kitambaa, nianze tena. Madam alisema ukikosea unarudi unaanza tena." Akavuta makamasi. "Ndio ukaita. Ulipoita ndio nikaogopa, nikakimbia."

Mdogo wangu hakunitazama. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, kwa sababu angenitazama tu, hata kwa huruma, sijui ningefanya nini. Alimbeba mtoto mgongoni kwa kanga yangu, tukapanda mteremko. Wakataji walikuwa wamesimama kando ya magogo yao, kofia mikononi. Mmoja alisema pole mama, nikasema ahsante. Mtoto aliegemeza shavu kwenye mgongo wa mama yake mdogo, na mimi nilitembea nyuma yao nikiwa nimeshika mguu wake uliokuwa ukining'inia.

Yalifuata mambo mengi. Wazazi waliitwa shuleni, wengine wakapiga kelele, na mwalimu mkuu akapiga marufuku kutoka nje ya uzio wa shule. Walinitazama mimi, wakitegemea kwamba mama wa mtoto mwenyewe ndiye atakayepaza sauti kuliko wote. Nilikuja nimejiandaa kufanya hivyo, nisidanganye. Nilisimama nikasema mdogo wangu anajua kazi yake, nikakaa mpaka kikao kikaisha. Jioni nyumbani mdogo wangu alisonga ugali, mimi nikakata mboga.

Mtoto ameshasahau, au anasema amesahau. Saba sasa anaijua vizuri na anaona aibu ukimkumbusha. Mimi sijabadilika. Malori bado nayaogopa, radi bado naiogopa, na misindano siiangalii nikipita. Lakini siku hizi nikitaka kumwita mwanangu, hata aje kula tu, nasimama kwanza, nameza mate, naisikiliza sauti yangu kabla haijatoka. Mara nyingi inatoka vizuri. Kuna siku haitoki vizuri, inatoka na kile kitu ndani yake, na namwona kule uani amesimama ghafla, ananiangalia usoni, hajui kama aje kwangu au akimbie. Basi nalirudia jina lake polepole zaidi, na kusubiri.